Pawaso Inakufa Katikati ya Gogo: Tatizo ni Mashine, Baa au Cheni?

Malalamiko ya wapasua mbao wa kuanzia Nakuru hadi Kisumu huanza kwa sentensi ileile: "Fundi, hii mashine haina nguvu." Anayeisema tayari ana jibu mfukoni. Anataka kuuza pawaso yake ya cc 72 anunue ya cc 100 na ushee. Ukiikagua, mara nyingi injini haina kosa. Kosa liko kwenye baa (ile bapa ndefu ya chuma ambayo cheni huizunguka) iliyo ndefu kuliko kazi, au kwenye cheni iliyonolewa kwa kukata gogo vipande badala ya kulipasua kwa urefu kupata mbao. Kuna na jambo la tatu ambalo huku kwetu halizungumzwi inavyostahili: mwinuko wa ardhi.

Wengi wamejifunza kupasua kwa video za Wamarekani wenye fremu ya kufungia baa, ile inayoitwa fremu ya Alaska, wakichana gogo la walnati nyeusi kama siagi kwa baa ya inchi 36. Walnati nyeusi si mti wa kutisha. Ikikauka, mita moja ya ujazo ina uzito wa takriban kilo 610. Mvule uko karibu na hapo, na mkaratusi mzee huupita. Lakini walnati ile inamea Missouri na Indiana, mita mia mbili tatu tu juu ya usawa wa bahari. Nakuru iko mita 1,850 hivi, Kisumu 1,130, Molo kama 2,500. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo mashine ya cc 72 ukiwa Nakuru inafanya kazi kama ya cc 60 iliyoko pwani. Ushauri wa "cc kadhaa kwa inchi kadhaa" ulioandikwa ng'ambo usiuchukue kama ulivyo.

Inaanza vizuri, ikifika katikati inakufa

Hii ndiyo dalili kuu, na ina sababu nyingi kuliko zote, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Zima mashine, okota unga uliomwagika, usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Cheni kali hutoa punje unazozihisi kwenye ngozi. Cheni butu hutoa vumbi laini linalopeperuka ukilipuliza. Usiufananishe na unga wa kukata gogo vipande, maana ule wa kupasua ni mdogo hata cheni ikiwa mpya. Linganisha unga wa sasa na ule wa ubao wa kwanza baada ya kunoa. Ukiona umegeuka vumbi, usiongeze moto (yaani kubana kishikio cha petroli zaidi) wala usiegemee mashine kwa kifua. Toa tupa.

Sasa tazama jino lenyewe. Cheni ya kawaida kutoka dukani ina makali yaliyolazwa kwa nyuzi 30 hivi, kwa sababu imetengenezwa kukata nyuzi za mti kwa upande. Unapopasua kwa fremu, jino linakutana na ncha za nyuzi, na pembe inayofaa ni nyuzi 10. Si lazima ununue cheni ya kupasulia, ambayo huku si kila duka linayo. Chukua cheni ya kawaida, na kila unaponoa, nyoosha pembe kidogo hadi ifike 10. Ukitaka kuifikisha kwa mkupuo mmoja utakula nusu ya jino bure. Cheni ya nyuzi 30 bado itapasua, ila inavuta mashine zaidi na kuacha ubao wa kukwaruza wenye mistari mirefu, ambao mwenye randa atakulaani.

Mbele ya kila jino kuna kile kidole kinachoamua jino ling'ate kiasi gani. Kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa takriban milimita 0.65, pungufu kidogo ya unene wa kadi ya ATM. Kikiwa juu sana, jino linateleza juu ya mti na unapata vumbi hata kama umenoa vizuri. Hili huwachanganya wengi: wamenoa, wamenoa tena, na mashine haisogei. Kikiwa chini sana, jino linang'ata pande kubwa, cheni inakwama na injini inazima ghafla. Kuna mafundi wanaovikata vidole hivi chini kabisa "ili ikule haraka". Kwenye kukata matawi unaweza kuponea. Kwenye kupasua gogo la futi mbili, hapana.

Kama cheni iko sawa, hesabu meno. Cheni ya hatua ya 3/8 ya inchi (hatua naieleza chini) yenye meno kamili ina jino moja kwa kila milimita 38. Gogo la upana wa sentimita 30 lina meno 8 hivi yanayokula kwa wakati mmoja, la sentimita 60 lina 16. Injini ni ileile, mzigo umeongezeka maradufu. Hapo ndipo cheni ya meno machache, ile yenye nafasi ndefu kati ya jino na jino, inaposaidia kwenye baa ndefu. Unapunguza mzigo bila kununua injini.

Ikiwa yote hayo umeyafanya na bado inakufa, basi ndiyo, mashine ni ndogo. Kipimo ninachotumia mimi kwa kupasua, nikiwa nyanda za juu: upana wa hadi sentimita 40, injini ya cc 70. Hadi 60, cc 90. Zaidi ya hapo, cc 105 kwenda juu. Ukiwa Kisumu, Busia au Siaya unaweza kushuka kidogo. STIHL MS 381 ina cc 72, MS 661 ina 91, Husqvarna 395 XP ina 94, ile STIHL 070 ya zamani ina 106 na STIHL MS 880 ina 122. Ile 070 inapendwa na wapasua mbao kwa sababu inazunguka polepole kwa nguvu nyingi, lakini ni zaidi ya kilo 10 kabla hujaweka baa, na zilizojaa sokoni ni za kuiga zenye rangi zilezile. Ukinunua, fungua kifuniko uangalie silinda na nambari kabla ya kutoa pesa.

Inatoa moshi mwingi, au ina sauti nyembamba ya kulia

Dalili hizi mbili ni pande mbili za jambo moja, na ya pili ndiyo inayoua mashine.

Pawaso iliyorekebishwa Kisumu ikipandishwa Molo inakuta hewa nyepesi. Petroli inayoingia ni ileile, hewa imepungua, mchanganyiko unakuwa mzito. Itatoa moshi, itakuwa mvivu, plagi itakuwa nyeusi. Kero, lakini haina hasara kubwa. Kinyume chake ni msiba: mashine iliyorekebishwa Molo ikishushwa Kisumu inapata hewa nyingi kuliko petroli. Inalia kwa sauti nyembamba, inaonekana ina nguvu kupita kawaida, mwenyewe anafurahi. Petroli ndiyo inayobeba mafuta ya kulainisha pistoni, na imepungua. Gogo la pili au la tatu, pistoni imejam.

Kwa hiyo ukihama mwinuko, gusa skrubu ya H kwenye kabureta, ile inayopima petroli ya kasi ya juu. Safisha filta ya hewa kwanza, maana filta chafu inadanganya kila kipimo. Washa, iache ipate moto, kisha vuta moto wote bila mzigo. Inatakiwa isikike kama inagugumia kidogo, halafu ikiingia kwenye mti sauti inyooke. Ikiwa imenyooka hata bila mzigo, mchanganyiko ni mwepesi: fungua skrubu kidogo, kinyume cha saa. Kwa kupasua ni afadhali uiache upande wa uzito, kwa sababu hapa injini inakaa moto wote dakika kadhaa mfululizo, si sekunde chache kama kwenye kuangusha mti. Mashine mpya zenye kompyuta hujirekebisha zenyewe, na hizo hazina skrubu ya kugusa.

Plagi ikitoka na rangi ya kahawia, sawa. Nyeupe, simama hapo hapo. Mafuta ya tu-stroki yachanganywe moja kwa hamsini, yaani mililita 100 kwa lita 5, isipokuwa kitabu cha mashine yako kinasema vingine. Na petroli ya kwenye chupa barabarani, ambayo huenda imekutana na mafuta ya taa, iache kwa wenye bahati. Ukimaliza mkato usizime papo hapo, iache ingurume bila mzigo kama dakika moja ipoe.

Ubao unatoka mnene upande mmoja, au una mawimbi

Kwanza tofautisha. Kama ubao una unene uleule mwanzo hadi mwisho lakini wote umepinda, kosa liko kwenye mkato wa kwanza. Fremu inafuata uso ulio chini yake. Ngazi au mbao za sita kwa mbili ulizopigilia juu ya gogo kuwa reli zililegea katikati, fremu ikazama nazo, na kila ubao baada ya hapo umenakili lile bonde. Reli ndefu iwekee kabari chini yake katikati ya gogo, kisha ulale chini uchungulie kwa jicho moja kutoka mwisho hadi mwisho. Kwa wanaopasua kwa mkono bila fremu, wakifuata kamba iliyochovywa masizi ya betri kuukuu, hapa ndipo mbao nyingi huharibika, na sioni sababu ya kuendelea hivyo wakati fremu ya chuma inaweza kuungwa na fundi yeyote wa jua kali mwenye welding.

Kama unene unabadilika, fungua baa na cheni. Meno ya upande mmoja yakiwa mafupi au butu kuliko ya upande wa pili, cheni inavuta kuelekea upande mkali na baa inapinda nayo ndani ya gogo. Mtu anayenoa kwa mkono wa kulia huwa na upande anaoupenda, kwa hiyo pima urefu wa meno ya pande zote mbili. Halafu simamisha baa juu ya kioo au meza iliyonyooka. Kingo zake mbili zikiwa sawa, itasimama wima. Ikilala upande, ukingo mmoja umeliwa; unaweza kuusawazisha kwa tupa bapa. Geuza baa juu chini kila unaponoa ili iliwe kwa usawa.

Mistari midogo midogo kuvuka ubao, hiyo haitoki kwenye baa. Ni wewe unayesukuma kwa kushtukashtuka. Inua kichwa cha gogo kidogo ili mashine iteremke kwa uzito wake, nawe uiongoze tu.

Baa inaungua, cheni inalegea kila mara

Ukingo wa baa ukigeuka bluu, oili haifiki. Elekeza ncha ya baa kwenye karatasi nyeupe au gome la rangi nyepesi, vuta moto kidogo. Lazima uone mstari wa oili. Usipouona, safisha kitundu kwenye kitako cha baa na mfereji wake. Kwa kupasua, unga laini unaziba hapo upesi kuliko mahali pengine popote.

Oili inaonekana lakini ncha bado ni moto? Hiyo ni baa ndefu inayolishwa na pampu ndogo. Pampu ya mashine ya cc 70 haikutengenezewa baa ya inchi 36. Funga kichupa chenye koki ndogo kwenye fremu upande wa ncha, kidondoshe oili taratibu juu ya cheni. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari ni rahisi, ndiyo, lakini ina chembe za chuma zinazosaga baa na pampu, na inakurukia usoni siku nzima.

Cheni iliyokazwa ikiwa moto, ilegeze kabla ya kuiacha ipoe. Ikisinyaa ikiwa imekazwa, inavuta shafti na kuumiza beringi.

Cheni mpya haikai, inayumba au inaruka

Mwenye duka amekuuzia urefu, hakukuuzia vipimo. Kuna namba tatu, na zote lazima zikubaliane: hatua ya cheni, unene wa kile kijino kinachoingia kwenye mfereji wa baa, na idadi ya vijino hivyo. Hatua unaipima kwa kuchukua umbali kati ya ripiti tatu zinazofuatana ukaugawanya kwa mbili. Utapata 0.325, 3/8 au 0.404 ya inchi. Sproketi, lile gurudumu la meno linaloendesha cheni, lazima iwe ya hatua hiyo hiyo, na ncha ya baa yenye gurudumu vilevile.

Unene ndio unaodanganya. Cheni ya milimita 1.5 inaingia vizuri kabisa kwenye baa ya 1.6, hakuna anayeshtuka, halafu inalala upande ndani ya mfereji na ubao unatoka umepinda. Shika jino kwa vidole ulisukume kushoto na kulia. Likilala sana, ama cheni ni nyembamba, ama mfereji umeliwa. Namba hizi huwa zimegongwa kwenye kitako cha baa. Zipige picha kwa simu kabla hujaenda dukani.

Inakuwa butu kabla ya kumaliza ubao mmoja

Gogo lililoburutwa kwenye murram limejaa mchanga kwenye gome. Lioshe, au toa gome kwa shoka kando ya mstari wa kupita baa, hasa upande wa ncha, maana huko ndiko cheni inakoingilia mti.

Magogo ya mjini ni hadithi nyingine. Jakaranda na mikaratusi ya kandokando ya barabara Nakuru imepigiliwa mabango ya waganga na wagombea wa uchaguzi kwa miaka mingi, na mti umeimeza misumari yote. Tazama kichwa cha gogo: doa jeusi-bluu linalopanda kama mwale mara nyingi ni chuma kilichokutana na tanini ya mti. Walnati hufanya hivyohivyo kwao. Mvule nao una mawe yake, kweli mawe, ya kalisi kaboneti yaliyojificha ndani bila dalili nje. Ukipasua mvule, weka cheni mbili zilizonolewa tayari na usimlaumu mtu.

Gogo linabana baa

Huu ni mkaratusi, karibu kila mara. Mti huu unakua ukiwa na mvutano ndani yake, na unapoupasua, ubao unaruka juu au gogo linajifunga. Ingiza kabari za mbao au za plastiki nyuma ya mashine kila futi tatu hivi, kamwe si za chuma. Toa banzi upande mmoja, geuza gogo, toa upande wa pili, ili mvutano uondoke sawasawa. Na usiliache gogo juani wiki nzima kisha ushangae limepasuka vichwa. Paka rangi ya mafuta kwenye vichwa siku ya kuangusha. Ukiona nyuzi ndefu kama tambi zimejaa kwenye kifuniko cha klachi, wewe unapasua kwa mkono na baa imelala sambamba na mti. Inua pembe ya baa zitakatika fupi.

Ukiwa bado unataka kununua

Pima upana mkubwa kabisa wa magogo unayopata kwa kawaida, si lile moja la panda (pale mti unapogawanyika) uliloliona Vihiga. Ongeza sentimita 10 hadi 15, kwa sababu fremu hula sehemu ya baa pande zote mbili. Gogo la sentimita 60 linataka baa ya inchi 30. Grevilea za mipaka ya mashamba, nyingi zikiwa sentimita 35 hadi 45, zinataka baa ya inchi 24 au 25, na kwa zile za hadi 40 injini ya cc 72, basi. Baa ndefu kuliko hitaji inakula oili, inalegea ncha, na cheni yake ni ghali kila inapokatika. Lile gogo la panda la meza, kodi mashine kwa siku mbili, au chonga vinundu vya pembeni kwanza lipungue upana. Mukumari wenye moyo wa kahawia ukipasuliwa mnene hukubalika kwa wauza samani wa soko la Kibuye, Kisumu, bila kuhitaji baa ya inchi 42. Kabla ya gogo au mbao kutoka shambani, chukua kibali cha kusafirisha kutoka kwa Huduma ya Misitu, KFS.

Na piga hesabu ya unga. Cheni inakula milimita 8 hadi 10 kila mkato. Ukipasua mbao za inchi moja, karibu robo ya gogo inaishia chini. Pawaso ni ya slabu nene za inchi mbili na tatu, na ya magogo ambayo lori haliwezi kuyafikia. Kwa mbao nyembamba nyingi, lipeleke gogo kwenye mashine ya msumeno wa utepe, inayokula milimita mbili tatu tu, na baa ndefu ubaki nayo ukutani.